Bastola fupi, risasi nene: hesabu ya mnunuzi wa kamba

MAPARONI, Kibiti. Mnunuzi wa kamba anayeingia delta ya Rufiji na fedha taslimu huvutiwa na bastola fupi ya risasi nene. Apige hesabu kwanza. Glock 36, ya kipenyo cha inchi 0.45, hubeba risasi 6. Glock 26 ya milimita 9, inayofichika vilevile, hubeba 10. Risasi nene katika bastola nyepesi huurusha mkono, shabaha ya pili ikachelewa. Hewa ya chumvi nayo hula chuma. Leseni ni lazima, kwa sheria ya 2015.

Tena silaha yenyewe ni mali inayowindwa: Aprili 2017, wilayani humo humo, askari polisi 8 waliokuwa garini waliuawa, bunduki zao zikaporwa.