Nani Kavuta Watu Wengi? Rekodi za Video Zikitazamwa Kutoka Lamadi

Video ya kwanza kabisa kuwekwa YouTube ina sekunde 19 tu. Ilipandishwa tarehe 23 Aprili 2005, na anayeonekana ni Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi watatu wa mtandao huo, kasimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, akisifia urefu wa mikonga yao. Lamadi, mkoani Simiyu, pale barabara ya Mwanza na Musoma inapopokea ile ya kutoka Bariadi, tembo hawatafutwi bustanini. Geti la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko jirani, na wanyama hao wakivuka mpaka huishia mashambani mwa watu. Siku hizi mwenye simu hurekodi na kurusha kwenye kundi la WhatsApp, na kijiji cha pili kinajua wameelekea wapi.

Tumefika hapa kwa kasi ya ajabu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara, lakini Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994. Kwa wengi huku Simiyu sinema ilikuwa ya kibanda umiza: unalipa kiingilio, unabanana kwenye benchi, na mtafsiri anakusimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili. Kizazi kilichofuata hakikupitia sebuleni kwenye televisheni. Kilitoka kwenye benchi kikaingia moja kwa moja kwenye simu.

Rekodi za dunia zinajulikana, tuzipite haraka. “Gangnam Style” ya mwimbaji Psy ilikuwa video ya kwanza kutazamwa mara bilioni 1, Desemba 2012. “Baby Shark”, wimbo wa watoto, ulifikisha mara bilioni 10 Januari 2022, wa kwanza kufanya hivyo. Mtoto haulizi kama ameshautazama, anataka tena, na YouTube inahesabu kila mara.

Kwetu, Diamond Platnumz ndiye msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara ambaye video za chaneli yake zilitazamwa jumla ya mara bilioni 1, mwaka 2020. Kili Paul, kijana wa Kimaasai wa mkoa wa Pwani, alifika mbali kwa njia nyepesi zaidi: yeye na dada yake Neema walifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, wakiwa na shuka zao, mbele ya nyumba yao. Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja kwa majina katika kipindi chake cha redio.

Rekodi ninayoiheshimu kuliko zote haihesabiwi kwa watazamaji. Mkenya Julius Yego alipenda kurusha mkuki katika nchi ambayo kila kocha anatafuta wakimbiaji. Hakuwa na wa kumfundisha, akaingia YouTube kuwatazama mabingwa kama Jan Železný na Andreas Thorkildsen, akarudi uwanjani kujaribu alichokiona. Agosti 2015, mjini Beijing, alirusha mita 92.72, akawa bingwa wa dunia na mshika rekodi ya Afrika. Vijana wengi hutazama video hadi bando liishe. Yego alitazama, akafunga, akaenda kurusha, na hapo ndipo ninapoona thamani ya chombo hiki.

Sasa turudi nyumbani. Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania, na kuhesabu watazamaji hawakufundishwa na YouTube. Mapokeo yanawataja Ngika na Gumha, wataalamu wawili wa dawa na ngoma wa karne ya 19, waliozaa pande mbili za ushindani, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno makundi mawili yanacheza ngoma, yaani mbina, kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Mtazamaji anapiga kura kwa miguu: akichoshwa na upande huu anahamia ule. Ndiyo maana wachezaji wameleta chatu uwanjani, wakachonga vinyago vya kushtua, wakatafuta kila mbinu mpya ya kumzuia mtu asiondoke. Anayerekodi video leo akisumbukia sekunde tano za mwanzo anafanya kazi ileile.

Nyimbo za Kisukuma za akina Nyanda Madirisha na Bhudagala zinaishi vizuri sana mtandaoni. Wafugaji wa Kisukuma wamesambaa na ng'ombe wao hadi Katavi, Rukwa, Mbeya na Morogoro, na huko ziliko familia zao ndiko video hizi zinakotazamwa. Asiye na bando naye hajaachwa. Anakwenda kwa kijana mwenye kompyuta na spika mbele ya duka, anatoa memori kadi, anataja mwimbaji, anajaziwa nyimbo na video kwa pesa kidogo. Akifika nyumbani anawarushia wenzake kwa Bluetooth. Watazamaji wote hao YouTube haiwajui, kwa hiyo namba iliyo chini ya wimbo wa Kisukuma ni pungufu siku zote. Nikiona video ya kwetu ina watazamaji laki moja, nasoma kwamba ni laki moja na watu wa memori kadi juu yake.

Jambo moja linanisumbua. Kwenye mashindano ya mbina, kamera nyingi husimama mbele ya kundi moja na kubaki hapo. Aliyeko Katavi anaona wachezaji, jasho na vumbi, lakini haoni watu wakiondoka upande wa pili, haoni duara likinenepa huku na kukonda kule, wala hawezi kujua nani kashinda. Wapiga video wa Usukuma, msimu ujao pandeni juu ya gari au kichuguu, mrekodi pande zote mbili kwa pamoja, na mara kwa mara mgeuzie kamera watazamaji. Matokeo ya mchezo yako kwao.