Namba ya okteni: Je, petroli ya bei ya juu huongeza mwendo wa gari?

Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilianzisha ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Lengo lilikuwa kuwazuia wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli au petroli kwa sababu ya bei yake nafuu. Tanzania nayo, tangu mwaka 2010, hutia kemikali ya utambulisho katika mafuta yaliyolipiwa kodi, ili wakaguzi wayabaini yaliyochakachuliwa.

Hasara ya mchanganyiko huo kwa mwenye gari la petroli hueleweka kwa kujua maana ya okteni. Namba hiyo haipimi nguvu ya mafuta. Hupima uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kuwaka yenyewe. Ndani ya silinda, pistoni hugandamiza hewa na petroli, kisha plagi hutoa cheche. Okteni ikiwa ndogo mno, sehemu ya mchanganyiko huo hulipuka kabla moto wa cheche haujaifikia, na dereva husikia injini ikigonga, hasa anapopanda mlima na mzigo. Hali hiyo ikidumu, pistoni huharibika. Magari ya kisasa hujikinga kwa kuchelewesha cheche, lakini nguvu hupungua na mafuta huliwa zaidi. Mafuta ya taa yana okteni ndogo sana, hivyo huishusha ile ya petroli.

Je, kupandisha okteni huongeza kilomita? Si kwa kila gari. Lita ya okteni 98 haina nishati ya ziada yenye maana kuliko ya 95. Wanaofaidika ni wenye injini za mgandamizo mkubwa au zenye tabochaja, zilizoundwa kwa mafuta hayo.

Tahadhari nyingine ni vipimo. Nchini Japani, yanakotoka magari mengi yaliyotumika ya ukanda huu, petroli ya kawaida huanzia okteni 89 na ya juu 96. Namba 87 ya Marekani hukadiriwa kuwa sawa na 91 ya Japani au Ulaya, kwa kuwa hukokotolewa kwa njia tofauti.

Mwinuko pia una athari. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ina hewa nyepesi, kwa hiyo gari la zamani lililo kimya huko laweza kugonga likifika Mombasa.

Kabla ya kulipia petroli ghali, msomaji na atazame kitabu cha gari au kifuniko cha tangi. Na petroli ya madumu ya kando ya barabara, hata ikiwa rahisi, haina namba inayoaminika.