Spidi ya pikipiki: mshale husema nini, na injini hukatia wapi?

Pikipiki ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mizigo midogo kati ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na Jiji la Mbarara. Mahindi, maharage, matoke na samaki hutoka Base Camp, Juru na Rubondo, na bidhaa za dukani hurudi kwa njia hiyo hiyo. Nauli nyingi hupatanwa kwa umbali. Kwa hiyo spidomita inayodanganya humgharimu mwenye mzigo au msafirishaji, na wakati mwingine huleta ajali.

Mshale na namba za kilomita

Katika pikipiki nyingi za boda boda, spidomita huendeshwa na waya unaotoka kwenye gurudumu la mbele. Waya huo huzungusha sumaku ndani ya mita. Sumaku huvuta kikombe chepesi cha chuma kilichoshikwa na springi, na mshale hupanda. Namba za kilomita, kwa upande wake, huzungushwa na meno yanayofuata gurudumu moja kwa moja.

Tofauti hiyo ni muhimu. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, inakataza mshale kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi. Unaruhusiwa kuzidisha kwa asilimia 10 pamoja na kilomita 4 kwa saa. Kwa hiyo dereva anayekwenda kilomita 50 halisi anaweza kusoma hadi 59. Lakini mshale ukizidisha, haina maana kwamba namba za kilomita nazo zimezidisha.

Tairi hubadilisha hesabu

Gurudumu la mbele la inchi 17 lenye tairi la 2.75 lina mzingo wa takriban mita 1.80. Fundi akiweka gurudumu la inchi 18 lenye tairi la 3.00, mzingo hufika takriban mita 1.91. Mita haijui mabadiliko hayo. Safari ya kilomita 100 itahesabiwa kama 94, na msafirishaji anayelipwa kwa kilomita atapoteza 6. Aidha, mshale utashuka kwa kiwango hicho hicho, na ile akiba ya usalama iliyowekwa na kiwanda hupungua au huisha kabisa.

Tairi lililolika hufanya kinyume. Likipungua milimita 5 kwenda juu, kilomita 100 husomeka karibu 102, na hapo anayelipa zaidi ni mwenye mzigo.

Kubadilisha sproketi ya nyuma ili kupata nguvu ya kupanda vilima hakugusi mita inayoendeshwa na gurudumu la mbele. Hata hivyo, kwenye pikipiki ambazo mita yake hupokea mwendo kutoka kwenye giaboksi, vipimo vyote hubadilika.

Kikomo cha injini si spidi gavana

Wengi huchanganya vitu hivi viwili. Spidi gavana, kama ile iliyolazimishwa kwa matatu nchini Kenya mwaka 2004 kwa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, huzuia mwendo wa gari barabarani. Kikomo cha mizunguko huzuia injini tu. Injini ikifika mizunguko iliyopangwa, CDI hukata moto wa plagi kwa muda mfupi, na dereva husikia injini ikikohoa. Lengo ni kulinda valvu, pistoni na koni rodi. Katika gia ya kwanza kikomo hufikiwa mapema. Katika gia ya juu pikipiki inaweza kwenda kasi ya hatari bila kukigusa. Si pikipiki zote zina kikomo hiki, na CDI isiyo ya aina yake inaweza kukiondoa.

Kikomo hicho pia hakisaidii mteremkoni. Dereva mwenye mizigo akishusha gia mbili kwa ghafla, gurudumu la nyuma ndilo linalozungusha injini. Kukata moto hakuzuii chochote, injini inaweza kuvunjika, na gurudumu linaweza kuteleza.

Kupima bila gharama

Njia rahisi ni saa na kilomita moja iliyopimwa kwa uhakika, kwenye barabara tambarare isiyo na msongamano. Abiria ndiye ashike saa. Mwendo wa 40 hutumia sekunde 90, wa 50 sekunde 72 na wa 60 sekunde 60. Simu yenye GPS nayo inafaa, mradi mwendo uwe mmoja kwa muda na anga iwe wazi.

Kwa namba za kilomita, safari ndefu zaidi hutoa jibu bora: kwa mfano barabara ya lami ya Mbarara kuelekea Isingiro na mpaka wa Kikagati, ng'ambo ya Murongo, Tanzania. Umbali wa simu ulinganishwe na wa mita, kisha pande zote mbili zikubaliane kipimo kabla ya kupakia mzigo. Tairi au gurudumu la mbele likibadilishwa, kipimo kirudiwe.