Paka Wadogo na Afya ya Watoto Wetu

Hapa kwetu Kericho na Bomet, paka hutusaidia kufukuza panya, na mara nyingi huzalia jikoni. Watoto hupenda kuwachezea paka hao wadogo. Zingatia mambo matatu.

Kwanza, kinyesi. Kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vimelea hivyo huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo zoa kinyesi kila siku, ukifukie mbali na sukuma wiki. Mama mjamzito, mwachie mtu mwingine kazi hiyo.

Pili, ngozi. Paka aliyenyonyoka manyoya kwa viraka anaweza kuambukiza choa. Asilale na mtoto.

Tatu, meno na kucha. Kichaa cha mbwa humpata paka pia. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha umpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kidonda kikiwa kidogo. Usingoje dalili, zikitokea, ni nadra mno mgonjwa kupona. Paka akifikisha miezi 3, achanjwe.

Na kila baada ya kucheza na paka, mikono ioshwe kwa sabuni.