Vumbi la dhahabu ya Suna halitaki pupa

Sisi watu wa pwani twaijua dhahabu ikiwa imekwisha kuwa kitu: kipini puani, kipuli sikioni, bangili mkononi mwa bibi arusi. Twaijua juu ya mizani ya sonara. Walakini kabla ya kumfikia sonara dhahabu ni vumbi, na vumbi hilo lina watu wake. Baadhi yao wako Suna, katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania.

Habari ya vumbi hili si ngeni kwetu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka wa 1331 alielezwa juu ya vumbi la dhahabu lililoletwa Sofala kutoka bara, mwendo wa mwezi mzima. Kilwa ilitajirika kwa biashara hiyo. Majina ya masultani wake tunayo hadi leo. Ya wale walioinama kulichekecha vumbi lenyewe hatunayo.

MTEGO WA KIJANI

Dhahabu ni nzito. Kwa kiasi kile kile, yashinda maji kwa uzito mara 19 na mchanga wa kawaida mara 7. Ndiyo maana mchanga ukichezwa ndani ya karai lenye maji, ulio mwepesi humwagika na dhahabu hukaa chini. Hata vile vimeta vya ulanga vinavyomdanganya mgeni huondoka na maji, kwani vyote ving'aavyo si dhahabu. Lakini punje ikiwa nyembamba kama unga, uzito wake haumsaidii mtu sana. Unga huo ni bapa, huelea, na mkondo huuchukua.

Basi nani aushike? Katika nchi za baridi wako watu wanaotafuta dhahabu mitoni kwa kujifurahisha tu, kama wengine wavuavyo samaki kwa ndoana siku ya mapumziko. Wanlockhead, kusini mwa Scotland, ni mahali panapojulikana kwa mchezo huo. Watu hawa wanajua siri ya kuvumwani, ile mimea mifupi ya kijani iotayo juu ya mawe kama zulia. Mafuriko yanapopita juu yake, manyoya yake huyapunguza maji kasi. Mchanga mzito hutua humo pamoja na unga wa dhahabu, na maji yakishuka hazina hubaki. Mtafutaji huikwangua, akaifikicha katika ndoo ya maji, kisha akayapitisha masalio kwenye karai. Wengine huikausha na kuichoma, wakaosha majivu. Huko British Columbia, Kanada, wanajiolojia nao hukusanya kuvumwani ya vijito na kuipima, wapate kujua mlima upi una dhahabu.

Mtego wenyewe ni wa kale. Strabo, mwanajiografia wa Kiyunani aliyeishi miaka 2,000 iliyopita, aliandika juu ya watu wa milima ya Kaukasi waliotandika ngozi za kondoo mtoni ili manyoya yanase dhahabu.

GUNIA LA SUNA

Huko Suna kazi ya kuvumwani hufanywa na gunia. Dhahabu nyingi ya Migori imo ndani ya mishipa ya mawe magumu meupe, na wachimbaji huifuata chini kwa mashimo marefu. Wageni nao waliifuata: mgodi wa Macalder, upande wa Nyatike, ulitoa shaba na dhahabu hadi ulipofungwa mwaka wa 1966. Wachimbaji wadogo hawakuondoka. Mawe hupondwa kwa nyundo, kazi ambayo wengi waifanyao ni wanawake, au husagwa kwa mashine. Unga hupitishwa na maji juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa magunia au mablanketi. Nyuzi zikishiba, gunia husuuzwa ndani ya beseni, na mchanga mzito uliopatikana huingia karaini.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Wengi, wakihofu kuupoteza ule unga wa mwisho, humwagia zebaki. Zebaki huikumbatia dhahabu ikawa donge. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, mara nyingi kwa mikono mitupu, kisha huchomwa. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, nao hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu, figo, na mtoto aliye tumboni. Inayomwagika hufuata maji: Mto Migori huingia Mto Kuja, na Kuja humwagika Ziwa Viktoria, kwenye samaki. Ulimwengu uliyaona madhara ya zebaki katika samaki huko Minamata, Japani, ugonjwa ulipogunduliwa mwaka wa 1956. Mkataba wa kuizuia umepewa jina la mji huo, na Kenya iliuridhia mwaka wa 2023.

Njia ya pili haina sumu hiyo, ila yataka subira. Mchanga huoshwa tena na tena mpaka usalie mzito mtupu, kisha huyeyushwa pamoja na buraksi, chumvi nyeupe ambayo masonara wetu wanaijua vyema. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wameitumia njia hiyo kwa miaka mingi. Shida ni kwamba yataka moto mkali na muda, na mama anayesubiriwa na watoto jioni hana muda wa kukopesha.

HAKI YA VUMBI

Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 inasema madini ni mali ya Jamhuri, na mchimbaji mdogo hupewa kibali katika kaunti. Kwa hivyo anayedhani ataingia kijitoni na karai lake kwa kujifurahisha, na ajue kwamba penye dhahabu pana wenyewe.

Dini nayo imelipangia vumbi hili haki yake. Katika madhehebu yetu ya Shafi, dhahabu ya madini ikifika nisabu, yaani mithqali 20 au karibu gramu 85, hutolewa robo ya ushuri papo hapo pasipo kungoja mwaka: gramu 2 na kidogo. Aliyefukua hazina iliyozikwa tangu jahilia hutoa khumsi.

Sisi wanunuzi je? Twamwuliza sonara juu ya karati, twamwuliza juu ya uzito. Na tumwulize pia dhahabu hii ilisafishwa kwa nini. Tumefundishwa tusijidhuru wala tusidhuru wenzetu, na pambo la arusi si halali ya kumtia mtetemeko wa mikono mama wa mtu mwingine. Akijua kwamba iliyotoka bila zebaki ina wateja watakaoilipia zaidi, sonara atamwambia mchuuzi, na mchuuzi atalipeleka neno hilo Suna. Haba na haba hujaza kibaba. Hata dhahabu yenyewe ilikusanyika hivyo.