Mwenyeji na Mgeni: Istilahi za Mashine Pepe na Seva Zinazozibeba

1. Utangulizi

Istilahi za kompyuta zilizozoeleka katika Kiswahili ni za vitu ambavyo mtumiaji huviona au huvigusa: kibodi, kipanya, faili, kichapishi, tovuti. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2004 ulitoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, ulijishughulisha zaidi na maneno ya aina hiyo. Lakini kazi kubwa ya kompyuta za ofisi zetu sasa hufanyika mahali ambapo mtumiaji haoni, yaani ndani ya seva. Huko Kiswahili chetu bado ni kichache na kinayumba.

Makala haya yanakusudia kueleza dhana za msingi za usimamizi wa mashine pepe na seva zinazozibeba, na kupendekeza istilahi zake. Haja ya kufanya hivyo si ya wataalamu peke yao. Mwaka 2019 ilitungwa Sheria ya Serikali Mtandao, na mwaka 2021 Bunge lilifanya marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo mkataba wa kutunza seva, mwongozo wa kazi, na barua ya kueleza hasara iliyotokea, vyote vyaweza kuandikwa na kufasiriwa kwa Kiswahili. Neno likiwa na maana mbili katika nyaraka hizo, kuna mtu atakayelipa.

2. Dhana yenyewe

Tuchukue ofisi ya mfano, tuiweke Mlandege, katika Manispaa ya Iringa. Ofisi hii ina kazi nne: hesabu za fedha, masjala, barua pepe, na orodha ya watumishi. Zamani ingehitaji kompyuta nne, kila moja na kazi yake, na kila moja ingekaa bure sehemu kubwa ya siku huku ikila umeme. Leo ofisi hununua kompyuta moja yenye nguvu, kisha programu maalumu huigawa kompyuta hiyo katika mashine nne. Kila mashine ina mfumo wake wa uendeshaji, kumbukumbu yake na diski yake, na hutenda kazi kana kwamba iko peke yake.

Fikra hii si mpya. Kampuni ya IBM ilikuwa na mfumo wa namna hiyo katika kompyuta zake kubwa, na mwaka 1972 iliutoa rasmi kwa jina la VM/370. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walieleza masharti matatu ya mpango huo: programu itende ndani ya mashine hiyo kama ambavyo ingetenda katika kompyuta halisi, msimamizi wa mashine awe na mamlaka kamili juu ya rasilimali, na sehemu kubwa ya kazi ifanywe moja kwa moja na kompyuta yenyewe, ili mwendo usipungue mno. Mwaka huo huo wa 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, ingawa kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Basi dhana hizi zilikomaa wakati sisi tukiwa nje ya uwanja. Zilipoenea katika kompyuta za kawaida, baada ya mwaka 1999, zilitufikia zikiwa na majina ya kigeni tayari.

3. Pepe, bandia au dhahania?

Jina la mashine zilizogawanywa ndilo lenye mabishano zaidi. Wapo wanaosema "mashine bandia". Neno hili halifai. Kitu bandia huigiza kile kilicho halisi, na mara nyingi kwa nia ya kudanganya, kama noti bandia. Mashine tunayoizungumzia hufanya hesabu za kweli na huhifadhi kumbukumbu za kweli.

Wengine husema "mashine dhahania". Mwalimu wa sarufi atakumbuka mara moja nomino za dhahania, kama vile upendo na uhuru, ambazo huwapo akilini tu. Mashine yetu haipo akilini. Ikizimika, mishahara huchelewa.

Limebaki "mashine pepe", ambalo limejengwa kwa mfano wa barua pepe. Neno hili nalo lina kasoro yake. Kwa mkulima wa mpunga wa Usangu au Pawaga, pepe ni punje isiyo na kiini, ganda tupu linalopeperushwa wakati wa kupepeta. Hata hivyo, matumizi ya barua pepe yamekwisha kulipa neno hili maana ya pili, yaani kitu kinachofanya kazi yake bila kuwa na umbo la kushikika. Hakuna anayedhani kwamba barua pepe ni barua tupu. Tunapendekeza "mashine pepe" kwa sababu limetanguliwa na jamaa yake ambaye umma umemkubali.

4. Mwenyeji na mgeni

Kompyuta halisi inayobeba mashine pepe tunaiita "seva mwenyeji", na mashine pepe iliyomo ndani yake tunaiita "mashine mgeni". Maneno haya yanaeleza uhusiano kwa usahihi. Mwenyeji hutoa nafasi. Mgeni hutumia alichopewa. Mgeni aweza kuondoka na kupokewa na mwenyeji mwingine. Mwenyeji akipatwa na msiba, wageni wote wamepatwa. Mgeni akianguka, wenziwe hawana budi kuendelea na shughuli zao.

Baadhi ya watu wamependekeza "mwenye nyumba" na "mpangaji", kwa kuwa vyumba vya kupanga vinajulikana na kila mkazi wa mjini. Hatuyapendekezi, kwani mpangaji analeta fikra ya kodi na mkataba. Afadhali maneno hayo yaachwe kwa ajili ya dhana nyingine ya karibu, ya taasisi kukodi nafasi katika seva za kampuni.

Hapa pana jambo la sarufi ambalo watafsiri wanapaswa kuliangalia sana. Katika "mashine mgeni", neno la pili ni nomino iliyowekwa sambamba na ya kwanza, kama tunavyosema "mbwa mwitu". Si kivumishi. Mtu akilitia katika upatanisho wa vivumishi atapata "mashine ngeni", na hiyo ni mashine isiyojulikana. Karani wa ofisi yetu ya Mlandege akisoma katika kioo kwamba "mashine ngeni imeonekana", atakuwa na haki ya kudhani kwamba mwizi ameingia katika mtandao. Wingi wake, kwa hiyo, ni "mashine wageni" na "seva wenyeji". Kitenzi hufuata nomino ya kwanza: "mashine wageni zote zimezimwa", wala si "wamezimwa". Tena, katika nyaraka rasmi neno mwenyeji au mgeni lisisimame peke yake, lisije likachanganywa na mtu.

5. Kisimamizi na msimamizi

Programu inayogawa rasilimali za seva mwenyeji na kuzitenganisha mashine wageni haina jina lililokubaliwa. Wengi huiita "msimamizi". Lakini msimamizi ni mtu, yaani yule mtumishi mwenye funguo na nywila za seva. Maelekezo yakisema "msimamizi amezuia mashine hii", haijulikani kama ni uamuzi wa mtumishi au ni kazi ya programu. Tofauti hiyo ni kubwa siku ya kutafuta nani anawajibika.

Kiswahili kina njia ya kuyatenganisha mambo haya. Mchapishaji ni mtu au kampuni. Kichapishi ni chombo. Kwa mfano huo tunapendekeza "kisimamizi" kwa programu, na msimamizi abaki mtu. Visimamizi ni vya aina mbili. Aina ya kwanza hukaa juu ya kompyuta moja kwa moja, bila mfumo mwingine wa uendeshaji chini yake; tukiite "kisimamizi cha msingi". Aina ya pili hutumika kama programu nyingine yoyote, juu ya mfumo wa uendeshaji uliokwisha kuwapo. Tukiite "kisimamizi cha juu".

6. Nakala ambayo si nakala

Tumefika kwenye neno lenye hatari kuliko yote. Kisimamizi kina uwezo wa kuweka alama ya hali ya mashine mgeni katika dakika fulani, ili msimamizi aweze kuirudisha hapo ikiwa mabadiliko yataharibika. Watafsiri wengi huiita alama hiyo "nakala". Neno nakala hutumika pia kwa kile kinachotunzwa mahali pengine kwa ajili ya siku ya msiba. Vitu hivi viwili havilingani hata kidogo.

Alama ya hali kwa kawaida hukaa katika hifadhi ile ile iliyo na diski ya mashine mgeni, na huitegemea diski hiyo. Baada ya alama kuwekwa, mabadiliko yote huandikwa pembeni, na faili hilo la pembeni huzidi kukua kila siku. Diski ya asili ikiungua, alama nayo imekwisha. Likisahauliwa kwa miezi, faili la mabadiliko laweza kujaza hifadhi na kuzisimamisha mashine wageni zote. Nakala ya akiba, kinyume chake, ni kamili, hujitegemea, nayo hutunzwa nje ya seva mwenyeji, na ikiwezekana nje ya jengo.

Sasa tudhani kwamba mkataba wa ofisi yetu unasema, "Mkandarasi atatunza nakala za mashine zote kila wiki." Mkandarasi huweka alama za hali kila Ijumaa. Seva inaungua. Ofisi inadai nakala. Mkandarasi anaonyesha kumbukumbu kwamba alitekeleza kila wiki. Wote wawili wamesoma neno lile lile, na hesabu za mwaka mzima zimepotea. Kwa sababu hiyo tunapendekeza "taswira ya hali" kwa alama ile, na "nakala ya akiba" kwa kile cha siku ya msiba. Neno nakala pekee lisitumike katika mikataba. Wahenga walisema akiba haiozi. Taswira ya hali huoza.

7. Kuzima, kulaza na kuhamisha

Kitenzi "kuzima" nacho kinahitaji nyongeza. Mashine mgeni yaweza kuambiwa ifunge kazi zake na kujizima. Hiyo ni "kuzima kwa utaratibu". Yaweza pia kukatwa ghafla kama taa iliyokatiwa umeme. Hiyo ni "kuzima kwa nguvu", na huweza kuharibu taarifa zilizokuwa zikiandikwa. Tena yaweza kusimamishwa huku kumbukumbu yake ikihifadhiwa, ili baadaye iendelee pale ilipoishia. Tunapendekeza "kulaza", na kinyume chake "kuamsha". Agizo lolote la kuzima litaje kinachozimwa, kwani anayezima seva mwenyeji amezima na wageni wote.

Kuna uwezo mwingine wa kuihamisha mashine mgeni kutoka seva mwenyeji moja hadi nyingine huku watumiaji wakiendelea na kazi. Imependekezwa kuuita "uhamisho wa moja kwa moja", kwa mfano wa matangazo ya redio. Mtumishi wa serikali akisikia uhamisho wa moja kwa moja ataelewa kwamba hakuna kurudi tena katika kituo cha zamani. Tunapendekeza "uhamishaji bila kuzima".

Mwisho, kuna mazoea ya kuzigawia mashine wageni rasilimali nyingi kuliko zilizopo. Seva mwenyeji yenye kumbukumbu ya gigabaiti 128 hugawiwa mashine kumi za gigabaiti 16, jumla 160, kwa kutumaini kwamba hazitadai zote kwa wakati mmoja. Huu tunauita "ugawaji wa kupita kiasi". Si kosa, ila wakubwa wa ofisi wajulishwe kwamba umefanyika.

8. Muhtasari wa istilahi

Mashine pepe: kompyuta inayoundwa na programu ndani ya kompyuta halisi.
Seva mwenyeji (wingi: seva wenyeji): kompyuta halisi inayobeba mashine pepe.
Mashine mgeni (wingi: mashine wageni): mashine pepe ikitazamwa kwa uhusiano wake na seva mwenyeji.
Kisimamizi (wingi: visimamizi): programu inayounda, kutenganisha na kugawia rasilimali mashine wageni.
Msimamizi: mtumishi anayeendesha seva.
Taswira ya hali: alama ya hali ya mashine mgeni katika wakati fulani, inayotegemea diski ya asili.
Nakala ya akiba: nakala kamili inayojitegemea, iliyotunzwa nje ya seva mwenyeji.
Kiolezo: mashine pepe iliyotayarishwa ili nyingine ziundwe kwa mfano wake.
Kulaza: kusimamisha mashine mgeni na kuihifadhi kumbukumbu yake.
Uhamishaji bila kuzima: kupeleka mashine mgeni inayofanya kazi kwenye seva mwenyeji nyingine.
Ugawaji wa kupita kiasi: kugawa rasilimali zinazozidi uwezo wa seva mwenyeji.

Istilahi hizi ni mapendekezo, bado hazijasanifiwa. Walimu na watafsiri wanaombwa wazijaribu katika kazi zao, na watumishi waliokwisha kuandaa mikataba au miongozo ya seva kwa Kiswahili watueleze ni maneno gani waliyatumia na yalieleweka vipi. Lakini wakati tukisubiri kusanifu, kila mwenye mkataba mezani unaosema "nakala" peke yake na aulize leo: ni nakala ipi, na inakaa wapi?