Elimu ya Wasimamizi wa Wanaojitolea Mkoani Mara (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulieleza jinsi kazi za kujitolea zilivyoenea katika mkoa wetu, tangu zahanati za Bunda hadi makanisa, misikiti na vyama vya hisani vya Musoma; leo twataka kumtazama mtu ambaye katika sifa zote wapewazo wanaojitolea aghalabu husahauliwa, naye ni yule awasimamiaye hao wanaojitolea. Mtu huyu, tukichungua, hupewa kazi hiyo kwa kuwa alikuwa muuguzi hodari, au mwalimu mstaafu mwenye uaminifu, au karani ajuaye kuandika taarifa za wafadhili. Na akipelekwa semina hufundishwa hesabu za fedha na namna ya kuomba ruzuku, lakini namna ya kuongoza watu wasiolipwa ujira hafundishwi, kana kwamba maarifa hayo mtu huzaliwa nayo.

Dhana hiyo ni batili. Mwajiri ana mshahara wa kutoa, ana barua ya onyo, na ana uwezo wa kufukuza. Msimamizi wa wanaojitolea hana hata kimoja katika hivyo, na kwa sababu hiyo elimu anayoihitaji si haba kuliko ya mwajiri, bali ni nyingi zaidi.

Na tuuchukue mfano wa Butiama. Huko iko nyumba salama ya shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Bi Rhobi Samwelly, nayo huwapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji, hususa mwezi wa Desemba shule zikiwa zimefungwa. Na vijijini wamo watu waliofundishwa kutoa habari kwa simu pindi wasikiapo kwamba binti yu hatarini. Fikiri, msomaji, hali ya mtu wa namna hiyo: anaowatolea habari ni jirani zake, pengine jamaa zake, nao huonana kisimani, sokoni na msibani. Basi yeyote amsimamiaye yampasa ajue kumchagua kwa hadhari. Kumwekea mpaka, kwamba kazi yake ni kuarifu, si kupeleleza wala kukamata. Kulisitiri jina lake. Kuhakikisha kwamba akipiga simu usiku wa manane yuko wa kuipokea. Kumjulia hali baada ya tukio, maana moyo unaosikia mazito kila mara nao huchoka. Na kumpa ruhusa ya kupumzika, au kuacha kabisa, bila ya kumtia haya. Huruma peke yake haimfundishi mtu mambo hayo.

Tena wako wanaojitolea ambao msimamizi hawaoni kwa macho. Tangu mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map, ulioanzishwa na Janet Chapman wa Uingereza, umewaita watu wa nchi nyingi wachore katika ramani ya OpenStreetMap, kwa kutazama picha za setilaiti, nyumba na njia za vijiji vya Tanzania ambavyo havikuwamo, nao wenyeji wakatia majina, ili waendao kumwokoa binti wapate kujua njia. Watu hao wa ghaibu hawashikwi ila kwa maelekezo yaliyo wazi, kwa kusahihishwa kwa adabu, na kwa kuarifiwa kazi yao ilimfaa nani.

Historia yetu nayo ina funzo. Jeshi la Kujenga Taifa lilianza mwaka 1963 kwa vijana wa hiari. Mwaka 1966 likafanywa sharti kwa wahitimu, wanafunzi wakaandamana Dar es Salaam mwezi wa Oktoba, na Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, akawarudisha makwao. Sisemi kwamba taifa halikuwa na haki ya kudai huduma. Nasema hiari na sharti ni mambo mawili, na uongozi wake si mmoja, hata kiongozi aliyezoea kupiga mbiu na kuwatoza faini wasiofika, akikabidhiwa watu wa hiari, atawatawanya upesi asipofundishwa.

Basi mafunzo hayo yatoke wapi? Waratibu wa wanaojitolea wa Marekani waliunda chama chao cha kitaaluma mwaka 1960. Sisi hatuna haja ya kuanza na chama, maadamu vyuo tunavyo: Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare kiko Musoma, na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa kiko Bunda, kimoja katika vile vilivyoanzishwa nchini tangu mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden. Vyuo hivyo vingeweza kutoa kozi ya majuma machache, yenye mazoezi ya kuhoji, kugawa kazi, kusuluhisha ugomvi na kuagana na anayeondoka. Na kila shirika, liombapo ruzuku, litenge ada ya msimamizi wake kama litengavyo mafuta ya gari.

Makala ijayo, inshallah, itahusu mas'ala ya posho.